Kati ya Saba na Kumi na Nane

9 Januari 1992

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mkaza mjomba, na kwamba lile paa la jikoni limeshazibwa. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua akipanda ngazi lakini ulimi wake ni mzima kabisa. Jana alinisema kuanzia mlangoni mpaka mezani kwa sababu eti nimekonda. Cherehani yake mpya imefika na hataki mtu aiguse, hata kuipangusa vumbi anapangusa mwenyewe.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimehamishwa. Sishiki tena chaki. Nimeletwa idara ya mitihani, ghorofa ya pili, chumba chenye makabati ya bati hadi darini na dirisha moja ambalo mtu alilipaka rangi likiwa limefungwa, na tangu hapo halijafunguka. Kazi yangu ni insha za watoto wanaomaliza shule ya msingi. Wewe umesahihisha insha hizo kabla mimi sijazaliwa, sina la kukufundisha, lakini niache nijigambe kidogo.

Nilipofika nilishangaa. Tunasema kila insha inasomwa na walimu wawili, ili mtoto asionewe. Haya. Mwalimu wa kwanza anapelekewa bunda nyumbani kwake kwa posta, anasoma, anaandika alama juu ya jalada kwa wino mwekundu. Kisha bunda lilelile linakwenda kwa mwalimu wa pili, na huyo naye anatakiwa asome kama vile haoni ile alama iliyomkodolea macho. Nikamuuliza mkuu wa idara, sasa huyu wa pili anasahihisha insha au anasahihisha jalada? Akacheka, akaniambia niandike pendekezo. Nikaliandika siku hiyohiyo. Kuanzia mwaka huu mwalimu wa kwanza ataandika alama kwenye kikaratasi cha pembeni, kikaratasi kinabaki hapa kwetu, na wa pili atapata jalada tupu. Mwaka huu tutajua nani anasoma na nani anachungulia.

Sikutishii wewe, Mjomba. Hapa unajulikana. Wasahihishaji wanatajwa kwa namba tu, lakini wazee wa idara wanajua kwamba kuna mwalimu mmoja, miaka nenda miaka rudi, hajawahi kupishana na mwenzake zaidi ya alama moja. Wanamwita Mizani. Nilijifanya simjui, huku nimevimba kichwa.

Nisalimie wote.

Mpwa wako.


28 Januari 1992

Mpwa wangu, Mama Kanuni,

Marahaba. Barua yako imefika, na mkaza mjomba wako ameisoma kabla yangu kama kawaida yake. Anasema mwambie mama yako ampake goti mafuta ya moto, aache ubishi. Ni nesi anayesema, si mimi. Paa limezibwa. Limezibwa pale palipokuwa panavuja, na sasa linavuja hatua mbili kando, juu ya meko. Fundi amekuja mara tatu, na kila mara anapanda, anapiga kelele huko juu, anashuka na sura ya mtu aliyeshinda vita. Mvua ikinyesha tunamkumbuka.

Hongera kwa cheo. Nimefurahi kweli, na nimewaambia walimu wenzangu ofisini mpaka wamechoka. Kwa kuwa umepewa insha, nikuachie mambo machache, maana mwongozo hautakuambia.

Usianze na kalamu. Soma insha kumi za kwanza mikono ikiwa chini ya meza, ndipo urudi mwanzo. Ile ya kwanza huwa inaonewa kila mwaka, kwa sababu unaipima na insha unayoiota kichwani badala ya kuipima na za watoto wenzake. Ukikutana na tatu mbovu mfululizo, simama, kanywe maji. Ya nne itakuja ya kawaida tu na wewe utaiona almasi. Mwandiko mzuri ni mlaghai. Umewahi kuniibia alama tatu mchana kweupe. Usisahihishe ukiwa na njaa, wala ukiwa umetoka kugombana na mtu. Na zile za asubuhi zirudie mbili tatu jioni uone kama unakubaliana na nafsi yako. Utashangaa.

Kuhusu vikaratasi vyenu, nimesikia.

Msalimie dada yangu. Mwambie cherehani haiibiwi kwa kuguswa.

Mjomba wako.


20 Machi 1992

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, nami nimeanza kuwa na wasiwasi. Mama anasema ungekuwa unaumwa, mkaza mjomba angeshaandika, na hilo ni kweli. Huku ni wazima. Goti limepata nafuu kwa yale mafuta, lakini Mama amekataza nisikuandikie hivyo.

Idarani tumebanwa. Wasahihishaji wawili wa hapa mjini waliugua mwishoni mwa Januari, mabunda yao tumegawana sisi wa ofisini, juu ya kazi zetu nyingine. Mkuu wa idara hataki kusikia habari ya kuchelewa. Na bunda moja la usomaji wa pili bado halijarudi, limepita siku yake kwa wiki tatu. Kanuni hainiruhusu kuandika ni la nani. Naandika tu kwamba halijarudi.

Nijibu hata mistari miwili.

Mpwa wako.


2 Aprili 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Sikuumwa. Mkaza mjomba wako hajambo, ila amehamishiwa wodi ya watoto na anarudi nyumbani sauti imekauka. Bunda lile lisilo na mwenyewe limepostiwa juzi.

Limechelewa kwa sababu nimelisahihisha mara mbili. Nilipofungua bahasha nikaona majalada meupe, yote mia mbili na kumi na mbili, nilikaa kitako. Nikaanza. Siku nne nilikuwa nimemaliza insha themanini. Nikazitazama alama zangu, na unajua nilikuwa nimeandika nini? Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Kumi na mbili. Mtoto aliyeandika ukurasa mmoja wa upuuzi ana kumi, na yule aliyenichekesha mpaka nikapaliwa na chai ana kumi na mbili. Nilikuwa kama mtu anayelala katikati ya kitanda ili asianguke upande wowote. Nikazifuta zote themanini nikaanza upya, na safari hii nikajilazimisha kusema ninachoona.

Sasa nikueleze habari ya moja, maana nimebaki nayo kichwani. Namba 417. Swali ni lile, eleza safari uliyosafiri. Nimesoma mabasi na treni mpaka nikapata kichefuchefu. Huyu akaanza hivi: "Baba yangu alikuwa dereva wa lori na amefika kila mahali. Mimi sijafika popote, kwa hiyo nitaeleza safari niliyosafiri naye kutoka kitandani hadi dirishani." Baba alipata ajali, akalala miezi, na mtoto ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumfundisha kutembea tena. Ni hatua sita tu. Zimewachukua siku kumi na moja. Siku ya kwanza walifika mwisho wa kitanda wakapumzika. Siku ya nne walifika kwenye kiti, na baba akasema leo tunalala hapa, maana ndivyo madereva wanavyosema. Siku ya saba walirudi nyuma. Mwisho anaandika: "Siku ya kumi na moja tulifika. Baba alitazama nje muda mrefu akasema, kumbe nyumba ya jirani wameipaka rangi." Basi. Akaweka nukta akarudisha karatasi.

Tahajia yake ni ya kusikitisha na aya hajui zinaanzia wapi. Nimempa kumi na nane kati ya ishirini. Sijui mwenzangu amempa ngapi, na ni mara ya kwanza sijui. Mtazameni vizuri huyo mtoto.

Mjomba wako.


24 Aprili 1992

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na anauliza mbona barua zako siku hizi hazina utani. Nimemwambia una kazi nyingi.

Naandika barua hii kwa mara ya nne, tatu nimezichana. Matokeo ya vikaratasi yametoka. Tulichukua insha mia za kila msahihishaji wa pili, tukalinganisha alama zake na za yule wa kwanza. Msahihishaji namba 31, miaka yote iliyopita, katika kila mia alikubaliana na mwenzake katika tisini na saba. Mwaka huu ni thelathini na nane. Mkuu wa idara aliweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, ya mwaka jana na ya mwaka huu, akasema huyu si mizani tena. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia ile tarakimu yako ya sita yenye mkia, naijua tangu ulipokuwa ukinisahihishia hesabu za nyumbani. Nimekwenda kumwambia mkuu kwamba namba 31 ni mjomba wangu. Nilidhani atanifukuza. Alinishukuru, akaniondoa kwenye shauri lako.

Kanuni, niliyoiandika mimi, inasema msahihishaji wa pili akipungua chini ya nusu, alama zake zote zinawekwa kando na za mwalimu wa kwanza zinabaki peke yake. Sikuiandika nikikufikiria wewe.

Kwa insha nyingi haitadhuru sana. Kwa namba 417 inadhuru. Mwalimu wa kwanza amempa saba. Amefuata mwongozo mstari kwa mstari: mwanzo wa safari mbili kati ya tatu, chombo cha usafiri sifuri, yaliyoonekana njiani moja, kufika mbili, funzo sifuri, lugha mbili. Huwezi kumkamata popote. Mtoto huyo amefaulu vizuri masomo mengine yote, lakini asiyefikisha kumi na mbili katika insha hapati nafasi ya sekondari, hata angekuwa hodari vipi. Wastani wa alama zenu wawili ungempitisha; zako zikiwekwa kando, anaishia hapo.

Una haki ya kuja kujitetea mbele ya kamati, tarehe 18 Mei, saa nne asubuhi. Watu watano. Watakuuliza kuhusu 417 kwa sababu ndiyo yenye pengo kubwa kuliko zote, na watakuuliza kwa nini umebadilika ghafla. Mjomba, una miaka hamsini na sita. Ukisema miwani imekuwa ikikusumbua mwaka huu, kila mtu atakuamini, mabunda yako yatasomwa upya na mtu mwingine, na jina lako litabaki safi. Nakuomba ufikirie.

Mimi sitakuwepo. Mkuu amenituma mikoani kukusanya mabunda wiki hiyohiyo. Mwalimu wa kwanza ni nani, kanuni hainiruhusu kusema. Utafikia kwa Mama, ameshatandika.

Mpwa wako.


25 Mei 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimerudi salama. Mama yako alinilisha kama mtu anayepelekwa jela, na siku ya kuondoka alinishonea kifungo cha koti mimi nikiwa nimelivaa, huku ananisema. Goti lake ni zima. Nimemwona akipanda ngazi alipodhani nimelala.

Nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa tatu. Chumba ni kile cha mwisho upande wa kulia, unakijua, chenye meza ndefu iliyopasuka katikati. Mwenyekiti ni yule mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni. Alianza na 417, akaniambia nieleze hiyo kumi na nane. Nikaitoa hotuba, nikaitazama, nikaona kwamba nikiisoma nitakuwa nawachungulisha. Nikamwomba, kabla sijasema neno, kila mmoja aisome insha peke yake na aandike alama kwenye kikaratasi akikunje. Kwa kanuni mpya, nikamwambia, mmeipitisha wenyewe. Hawakufurahi, lakini wangekataaje?

Ilichukua dakika ishirini. Mmoja wao, mama mkaguzi wa shule, aliisoma mara mbili, nikamwona anarudi nyuma. Mwenyekiti akafungua vikaratasi mwenyewe akasoma: kumi na sita, nane, kumi na nne, kumi na tisa, tisa. Akauliza nani ameandika kumi na tisa. Mimi mpaka leo nadhani ni yeye.

Ndipo wakaanza kugombana, nami nikakaa kama mgeni wa harusi. Mmoja akasema mwongozo unataka chombo cha usafiri, kiko wapi? Mkaguzi akamwambia swali linasema safari, halisemi gari, na kwamba katika insha nzima ya hatua sita kuna kuondoka, kuna kuchoka, kuna kurudi nyuma na kuna kufika, zaidi ya mabasi yote aliyoyasoma mwaka huu. Mwingine akasema tahajia je, tukubali kila uozo? Akajibiwa kwamba tahajia ina alama nne na hizo nne akatwe, lakini mtoto asikatwe mara sita kwa kosa moja. Walifika mahali pazuri, mpwa wangu. Waliacha kuuliza insha ina nini na haina nini, wakaanza kuulizana imewafanya nini na imefanyaje. Nilikuwa nimesubiri mazungumzo hayo maisha yangu yote ya kazi.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. Akasema, "Mwalimu, miaka ishirini na nne hujapishana na mwenzako. Mwaka huu umepatwa na nini?"

Miwani yangu ilikuwa mfukoni, mizima kabisa. Nilikusikia wewe, na najua uliandika kwa mapenzi.

Nikamjibu, "Mwaka huu nimesoma."

Nikawaeleza yote, na wewe nakueleza sasa, ingawa nilitakiwa nikueleze Januari. Nilipokuwa na miaka mitatu katika kazi hii nilimpa mtoto kumi na saba. Mwenzangu alikuwa amempa sita. Siku hizo tulikuwa tukisahihisha ukumbini, walimu arobaini. Msimamizi akaniita mbele, akasoma alama zangu kwa sauti, akaniuliza kama nimekunywa. Ukumbi mzima ukacheka. Nikaichukua kalamu nikaikata kumi na saba yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika sita, nikatia saini. Tangu siku hiyo nilikuwa nalitazama jalada kwanza. Sikuwa mvivu, insha nilizisoma zote mpaka mwisho, lakini nilizisoma nikiwa nimeshaambiwa nione nini, na kweli nikawa nakiona hichohicho. Hiyo ndiyo Mizani. Uliposema utajua nani anachungulia, nilikujibu kwa mstari mmoja, kisha nikashindwa kukuandikia miezi miwili. Nilikuonea haya.

Yule mtoto wa kumi na saba simkumbuki namba. Nimejaribu. Nakumbuka alichoandika, neno kwa neno karibu, lakini namba sikumbuki, na hata ningeikumbuka ingekuwa ya kumpelekea nani?

Kamati imeamua hivi. Namba 417 apewe wastani wa wale watano, ambao ni kumi na tatu. Amepita. Mabunda yangu ya mwaka huu yasomwe na mtu wa tatu. Na mimi nimeondolewa kwenye orodha ya wasahihishaji, kwa kile nilichokiri, na sikubisha. Mkaguzi alinifuata nje mpaka kwenye ngazi akanipa mkono.

Kesho narudi darasani. Nina watoto hamsini na nane wanaonisubiri, na hao hakuna aliyewahi kunitangulia kuwasoma.

Mjomba wako.


14 Juni 1992

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo, dirisha la ofisini limefunguliwa kwa patasi na sasa haliwezi kufungwa. Nisalimie mkaza mjomba. Nimemaliza salamu, naona mkono unatafuta nyingine.

Uliniandikia ukweli wako kwa kalamu iliyonyooka, na mimi kuanzia Aprili nilikuwa nimejificha nyuma ya kanuni. Mwalimu wa kwanza wa namba 417 ni mimi. Walipougua wale wawili nikachukua bunda, na bunda hilo, baada yangu, likaja kwako. Ile saba ni yangu. Mkuu wa idara aliniondoa kwenye shauri lako kwa sababu mbili, nami nilikuandikia moja.

Nilikuwa na mwongozo upande wa kushoto na kikokotoo upande wa kulia, na nilikuwa natumia dakika nne kwa kila insha. Nilijivunia hizo dakika nne. Nilipofika kwa huyo mtoto nakumbuka kabisa nilichowaza. Niliwaza, huyu hakusafiri. Nikatafuta gari, sikuliona, nikajumlisha, nikageuza. Na unajua, ule mstari wa nyumba ya jirani niliuona. Niliuona ukanigusa kidogo hapa kifuani, nami nikajiambia hauna mahali pa kuwekwa kwenye mwongozo. Kwa hiyo sikuuweka popote. Ningeshindwa kuuona ningejisamehe upesi zaidi.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa mkuu nikamwomba bunda langu lote lisomwe upya, insha zote mia mbili na kumi na mbili, na watu wawili wasionijua, majalada yakiwa meupe. Akasema matokeo yatachelewa wiki moja. Nikamwambia yachelewe. Akanitazama, akasema nyie familia yenu mna matatizo, akatia saini.

Wamemaliza jana. Insha thelathini na moja zimesogea zaidi ya alama nne. Kumi na tisa zimepanda. Kumi na mbili zimeshuka, na hizo ndizo zenye mwandiko mzuri, Mjomba, zile zenye basi, dereva mwenye adabu na funzo mwishoni. Uliniambia mwandiko ni mlaghai, nikacheka, kisha nikaibiwa kama wewe. Kuna watoto wawili ambao nisingeomba wasingepita. Na kuna mmoja ambaye nisingeomba angepita. Mama yake hatajua kamwe kwamba nilikuwepo. Nimekaa na hilo tangu jana, na bado nasema ningeomba tena.

Mwongozo wa mwaka ujao nimepewa niuandike mimi. Nimeufuta mstari wa chombo cha usafiri. Nimeacha nafasi ya alama tano yenye swali moja tu kwa msahihishaji: insha hii imekufanya uone nini ambacho hukukiona kabla? Mkuu anasema wasahihishaji watapishana vibaya sana. Nimemwambia najua, na wakipishana tutawaita waketi mezani wagombane, kama ile kamati. Kwa sababu hiyo wameniruhusu niandike jina la mtu mmoja asiye kwenye orodha, aje mwezi wa Desemba siku tatu kufundisha wasahihishaji wapya, mbele ya ukumbi wa watu arobaini. Hatasahihisha hata karatasi moja. Atawaeleza alivyochungulia miaka ishirini na nne. Nimeandika jina lako bila kukuuliza. Ukikataa nitalifuta mwenyewe, lakini naomba usikatae.

Namba 417 nimeisoma tena mara tatu, peke yangu, bila mwongozo. Sitakudanganya, kumi na nane yako siifikii. Zile aya zake zinanikera. Lakini ile saba, Mjomba, nimeitafuta insha nzima na sijaiona mahali ilipokuwa.

Mpwa wako,
msahihishaji namba 12.